Baada ya Z Huja Nini? Somo la Kuzipanga Herufi katika Lahajedwali

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta somo, nalo ni la tarakilishi, au kompyuta kama tusemavyo mtaani. Huenda mtu akauliza, mambo ya kompyuta yaingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili? Yaingia kwa mlango wa kabati letu la vitabu, kama mtakavyoona.

Kila aingiaye chumba cha tarakilishi hufika siku akafundishwa lahajedwali, yaani lile jedwali kubwa la visanduku viitwavyo seli, lenye nambari ubavuni na herufi juu. Na kinachompendeza mtu mwanzo ni kile kimraba kidogo kilichoko pembeni mwa seli, chini upande wa kulia. Ukiandika 1 na chini yake 2, ukazichagua seli zote mbili, kisha ukakishika kimraba kwa kipanya ukakivuta chini, programu hujijazia yenyewe 3, 4, 5 mpaka uchoke wewe. Ukiandika Kitabu 1 yaleta Kitabu 2. Ukiandika January yaleta February. Mtu huona ameletewa karani asiyelala.

Basi huandika A, akavuta. Loo! A, A, A, A, A. Huandika A na chini yake B, akazichagua zote mbili, akavuta tena. Hupata A, B, A, B, A, B, kama mtoto wa chuoni aliyesoma herufi mbili akasahau zilizobaki.

“Hii kompyuta ina wazimu nini?” aliteta mwenzangu mmoja. “N'shaiandikia A na B, mbona haijui C?”

Haina wazimu. Haijafunzwa tu. Kazi ya kimraba kile ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kuendeleza nambari. Ya pili ni kuendeleza orodha ambazo programu imewekewa tangu ilikotengenezwa, kama vile majina ya siku na ya miezi. Alfabeti si nambari, na katika orodha hizo haimo. Hata Jumatatu haimo katika mashine zetu, kwa sababu zilipangwa kwa Kiingereza. Monday yaijua, Jumatatu yaiona neno tu kama maneno mengine. Ila kuna dawa. Katika mipangilio ya Excel, na ya LibreOffice Calc pia, pana mahali pa kuandika orodha zako mwenyewe. Ukiziandika Jumamosi, Jumapili, Jumatatu mpaka Ijumaa mara moja, basi tangu siku hiyo ukiandika Jumamosi na kuvuta, wiki nzima yajileta. Mimi naona kila tarakilishi ya shule ingewekwa orodha hiyo, lakini hayo ni maoni yangu.

Hata A mpaka Z waweza kuiandika kama orodha. Ukivuta utapata A, B, C mpaka Z, vizuri kabisa. Baada ya Z je? Yarudi A. Orodha ni duara, ikifika mwisho huanza upya. Sasa kama una vitu ishirini na sita, umemaliza kazi. Kama una vitu mia tatu, kila herufi itakuwa na zaidi ya vitu kumi, na hapo ndipo penye balaa.

Sasa nije kwenye kabati. Vitabu vya chama chetu, riwaya, tamthilia, diwani na kamusi, kila kimoja kina kikaratasi mgongoni chenye herufi mbili. Aazimaye huandikwa katika daftari: jina lake, tarehe na herufi za kitabu, basi. Jina la kitabu haliandikwi kwa sababu lipatikana katika lahajedwali. Ukitafuta herufi waona jina. Mpango mzuri, nafasi ndogo, wino kidogo.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliazima riwaya nyembamba yenye alama ED, akaisoma, akairudisha. Ulipofika wakati wa kuhesabu vitabu, lahajedwali ikatazamwa: ED ni kamusi kubwa. Akaambiwa alete kamusi au alipe. Alisema alichukua riwaya, na riwaya ile ile alirudisha. Nani wa kumwamini, na mashine yasema kamusi? Kwao si watu wa kutoa pesa ya kamusi hivi hivi, na kwa siku kadhaa alitembea na jina la mwizi wa vitabu. Mambo yalitengea pale ilipopatikana karatasi ya zamani, iliyochapishwa siku kabati lilipopangwa. Humo ED ilikuwa riwaya. Kumbe lahajedwali ndiyo iliyobadilika baadaye, na vikaratasi vya mgongoni vimebaki vile vile. Imebadilikaje, nitaeleza nikifika kwenye fomula, maana bila fomula hayaeleweki.

Kabla ya fomula, hebu tutoke nje kidogo. Simama Mwembe Tayari au pale Mapembeni saa moja ya asubuhi, utazame magari yapitayo. Nambari za gari za Kenya ni somo zima la herufi zilizopangwa, limebandikwa kwenye bati na latembea mbele ya macho yetu kila siku. Mpangilio wa sasa una herufi tatu, tarakimu tatu, na herufi moja ya mwisho. Waanza KAA 001A, kisha KAA 002A, mpaka KAA 999A. Linalofuata ni KAA 001B. Tarakimu zimerudi mwanzo, na herufi ya mwisho imesonga hatua moja. Ikifika KAA 999Z, herufi ya mwisho nayo yarudi A, na ile ya tatu yasonga: KAB 001A. Zikimalizika za KA, yaja KBA, kisha KCA; magari ya KDA yalianza kuonekana mwaka 2020. Ni kama saa ya ukutani, mkono mmoja ukizunguka wote, ule mwingine husonga kidogo.

Tuktuk zetu nazo zina mlango wao, KTWA, KTWB na kuendelea, na pikipiki zina KM mbele. Gari la Tanzania lililoingia kwa mpaka wa Lungalunga utalijua kwa T mbele, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Mpangilio ni mwingine lakini fikira ni ile ile.

Na kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Tafuta gari la KBI. Tafuta la KCO. Hutalipata. Herufi I na O hazitumiwi, kwa sababu I yafanana na 1 na O yafanana na 0, na shahidi aliyeliona gari likikimbia usiku hatajua aliona nini. Kwa hivyo herufi zilizobaki ni 24. Fanya hesabu: 999 mara 24 ni magari 23,976 kwa kila kikundi cha herufi tatu za mbele, kama kila nafasi ikitumiwa. Zidisha tena kwa 24 upate za KA zote: 575,424. Ajabu ni kwamba hata alfabeti yetu ya Kiswahili ina upungufu wa mbili. Sisi hatuna Q wala X. Wao wameacha I na O kwa sababu ya macho, sisi twaacha Q na X kwa sababu ya ulimi.

Jambo la kukamata hapa ni kwamba herufi yaweza kufanya kazi ya tarakimu. Wala si jambo geni kwa watu wa Mji wa Kale. Wazee waliosoma vyuoni walifunzwa herufi za Kiarabu kwa njia mbili. Moja ni alifu, be, te, ya kusomea. Ya pili ni abajadi, hawazi, huti, ya kuhesabia, ambamo kila herufi ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, mpaka ye ambayo ni 10, kisha kafu ni 20, lamu ni 30, mimu ni 40, na zaendelea hivyo mpaka ghaini, 1,000. Ile nambari 786 muionayo juu ya milango ya baadhi ya maduka na kwenye vioo vya magari ni hesabu hiyo. Ni jumla ya herufi za Bismillahi yote mpaka Rahimu. Neno la kwanza peke yake lina be 2, sini 60 na mimu 40, jumla 102. Neno la Allah ni 66, Rahmani pamoja na alifu na lamu yake ni 329, na Rahimu vivyo hivyo ni 289. Jumlisheni wenyewe. Wako masheikh wasioipenda desturi ya kuandika 786, na mimi mguu wangu siutii humo. Nataka tu muone kwamba kuipa herufi nambari ni kazi kongwe.

Tarakilishi nayo ina abajadi yake. Ndani yake A kubwa ni 65, B ni 66, na Z ni 90. Herufi ndogo zaanzia 97. Katika lahajedwali kuna maneno mawili ya kuvukia daraja hilo. CODE huchukua herufi ikakupa nambari, na CHAR huchukua nambari ikakupa herufi. Kuna na neno la tatu, ROW, linalotaja nambari ya mstari ambao seli iko. Sasa nenda mstari wa kwanza uandike:

=CHAR(64+ROW())

Mstari wa kwanza ni 64 na 1, yaani 65, yaani A. Shika kimraba uvute. A, B, C, D, mpaka Z katika mstari wa 26. Alhamdulillahi. Ila ukizidi kuvuta utacheka. Mstari wa 27 waleta [ na baada yake \ na ] na takataka nyingine, mpaka mstari wa 33 ndipo ije a ndogo. Mashine haikukosea. Uliiomba 91, ikakupa ya 91.

Kupata herufi mbili ni lazima tufanye kama nambari za gari: mkono wa kulia uzunguke, na ukimaliza mzunguko mkono wa kushoto usonge. Kwa hilo twahitaji kugawanya, kule kugawanya kwa shule ya msingi, kwenye jawabu na baki. INT yatoa jawabu zima na kuacha sehemu. MOD yatoa baki. Tuseme twatumia herufi zote 26:

=CHAR(65+INT((ROW()-1)/26))&CHAR(65+MOD(ROW()-1,26))

Alama ile & ni gundi, yaunganisha herufi mbili ziwe neno moja. Tunatoa 1 katika ROW kwa sababu hesabu hii huanza na sufuri, si moja. Mstari wa kwanza ni AA, wa 26 ni AZ, wa 27 ni BA, na wa 676 ni ZZ. Hapo ndipo mwisho wake. Ukitaka zaidi, ongeza mkono wa tatu unaogawanya kwa 676, nawe utapata alama 17,576. Kama mstari wa kwanza umeuweka vichwa vya habari, na orodha yaanza mstari wa pili, toa 2 badala ya 1. Mashine nyingine hutaka nuktamkato mahali pa mkato. Ikikataa moja, jaribu nyingine.

Lakini mimi nasema kwa vitabu tusitumie 26. Tufanye kama wenye magari, tuache I na O, maana mwandiko wa daftari la kuazima mwaujua wenyewe ulivyo. Mtu akiandika IO kwa haraka, nani atajua kama ni herufi au ni kumi? Hapa CHAR haifai tena, kwa sababu herufi zetu zina mapengo. Twatumia MID, ambayo huchomoa herufi moja kutoka mahali utakapoitajia katika neno refu:

=MID("ABCDEFGHJKLMNPQRSTUVWXYZ",INT((ROW()-1)/24)+1,1)&MID("ABCDEFGHJKLMNPQRSTUVWXYZ",MOD(ROW()-1,24)+1,1)

Ni ndefu, naam, lakini yaandikwa mara moja tu. Baada ya hapo ni kuvuta. Twapata alama 576, na kabati letu halifiki huko. Tuijaribu. Kitabu cha 100: toa 1, ni 99. Gawanya kwa 24: jawabu 4, baki 3. Hesabu kutoka sufuri: A ni 0, B ni 1, C ni 2, D ni 3, E ni 4. Jawabu lapata E, baki lapata D. Kitabu cha 100 ni ED. Ndiyo ED ile ile ya riwaya nyembamba.

Uzuri mwingine wa neno refu ni kwamba waweza kuweka herufi uzitakazo. Mwenye kupenda aweke alfabeti ya Kiswahili bila Q na X. Mwenye kupenda zaidi aweke ba, be, bi, bo, bu, ila hapo itabidi aiambie MID ichomoe herufi mbili mbili na hesabu ya mahali ibadilike, nawaachia.

Kuna wajanja wanaotumia njia ya mkato. Vichwa vya safu juu ya lahajedwali vyenyewe ni herufi zilizopangwa: A mpaka Z, kisha AA, AB. Programu ya kwanza ya namna hii kwa tarakilishi ndogo, VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979, tayari ilikuwa na herufi juu na nambari ubavuni. Excel za zamani ziliishia safu ya IV, ambayo ni ya 256. Tangu toleo la 2007 zaenda mpaka XFD, safu ya 16,384. Basi wajanja huiomba programu itaje anwani ya safu, kisha huifuta ile 1 ya mstari:

=SUBSTITUTE(ADDRESS(1,ROW(),4),"1","")

Hii yaleta A, B, C, na baada ya Z yaleta AA bila taabu yoyote. Fupi na tamu. Mimi siipendi kwa kazi ya kabati. Kwanza, I na O zimo. Pili, alama nyingine zina herufi moja, nyingine mbili, na ukiiambia mashine izipange kwa alfabeti, AA itakuja mbele ya B, na AZ pia mbele ya B. Utapata mstari uliovurugika. Alama zote zikiwa na urefu mmoja, mpango wa alfabeti na mpango wa kuhesabu huwa ni kitu kimoja. Ndiyo sababu hata gari la kwanza huandikwa 001, si 1.

Sasa turudi kwa ED. Fomula hizi zote zategemea ROW, yaani mahali seli ilipo. Fomula haikumbuki kitabu. Yajua mstari tu. Siku moja mtu akataka orodha ipangwe kwa majina ya vitabu, jambo la busara kabisa, akabonyeza kitufe cha kupanga. Majina yakahama, kila moja mahali pake pa alfabeti. Fomula nazo zikahama pamoja nayo, lakini kila moja ilipotua ilijihesabu upya ikaupa mstari wa 100 alama ya mstari wa 100. Kwa macho hakuna kilichobadilika: AA, AB, AC, safi kama zamani. Ila mstari wa 100 sasa ulikuwa wa kamusi. Mkono gani uliobonyeza hatukuuliza, wala hakufanya kwa ubaya. Mashine haikutoa hata onyo.

Kinga yake ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo sehemu ya somo hili ambayo ningependa muikariri hata mkisahau mengine yote. Ukisha kuvuta na kuzipata alama zako, zichague zote, zinakili, kisha zibandike papo hapo kwa ile njia ya kubandika thamani pekee, si fomula. Bonyeza seli moja utazame kule juu kwenye upau: ukiona ED tupu, umepona. Ukiona bado =MID, hujapona. Alama ikishakuwa maandishi tupu, hata ukipanga orodha kwa jina, kwa mwandishi au kwa bei, ED itaandamana na kitabu chake popote kiendapo. Kisha chapisha orodha kwenye karatasi na uiweke ndani ya kabati. Ile karatasi ya zamani ndiyo iliyomtoa mwenzetu.

Orodha ya chama imesharekebishwa. Kwa kuwa vikaratasi vya mgongoni havikubadilika, tulivifuata hivyo, kitabu baada ya kitabu, kimoja akisoma alama na mwengine akiandika, Ijumaa mbili baada ya masomo.

Mazoezi kwa wasomaji. Majibu mpelekeeni katibu wa chama kabla ya mwisho wa muhula:

Kwa mpango wetu wa herufi 24, kitabu cha 300 kitakuwa na alama gani? (Anayepata NM amefaulu, lakini aonyeshe njia.)

Gari lina nambari KAB 001A. Ni la ngapi tangu KAA 001A, kama hakuna nafasi iliyorukwa?

Andika fomula moja itakayotoa KAA 001A katika mstari wa kwanza, KAA 002A katika wa pili, na ikifika mstari wa 1,000 itoe KAA 001B. Hii ni ngumu. Zile sufuri za mbele ndizo zitakazowasumbua. Tafuteni neno TEXT.

Andika jumla ya abajadi ya jina lako. Asiyejua herufi za Kiarabu amuulize mwenzake.